Shoo ya kusoma akili: mbona ukumbi mmoja watu wanacheka, wanalia na wanasoma dua kwa pamoja?

Wiki ile Mtwara mjini stori ilikuwa moja tu, jamaa wa kusoma akili. Bajaji yenye spika ilizunguka kuanzia Chikongola mpaka Shangani, kiingilio elfu tano, watoto nusu bei, njoo ujionee mtu anayejua unachofikiria kabla hujafungua mdomo. Nikaenda na shemeji yangu pamoja na mama mdogo, ambaye alikubali kwa sharti moja tu, tukae karibu na mlango.

Kwa ambaye hajawahi kuona, hii sio yale mazingaombwe ya shule ya msingi, yale ya kulipa mia mbili mtu anatafuna wembe na kuvuta vitambaa mdomoni mpaka unajiuliza tumbo lake likoje. Huyu hana njiwa wala boksi la kukatia mtu. Ana maiki, ubao mweupe na maka peni basi. Anakuangalia, anakuuliza vitu viwili vitatu, alafu anakutajia ulichokuwa unakiwaza. Wenye kazi yao wanajiita mamentalisti na sio kitu cha juzi, mwaka 1846 huko Paris bwana mmoja Robert-Houdin alikuwa anamfunga mwanae kitambaa machoni na mtoto anataja vitu ambavyo watazamaji wamevishika mikononi.

Sasa mi kilichonishangaza sio jamaa, ni sisi tuliokaa kwenye viti. Kitu kimoja kimetokea stejini, wote tumekiona, lakini kulia kwangu mama mdogo anasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, kushoto shemeji anacheka mpaka anajipiga mapaja, mbele kuna dada analia kabisa anajifuta na mtandio, na nyuma yetu kuna dogo hachoki kusema "ana mtu wake huyo, ana mtu wake". Majibu manne kwa tukio moja. Watu wepesi wa kusema ni shule, aliyesoma anacheka na asiyesoma anaogopa. Hapana bwana. Dada aliyelia anafundisha sekondari, namfahamu, na yule dogo wa nyuma ni dereva boda ambaye hata darasa la saba anasema alipita pita tu.

Nilivyokaa nikawaza nikaona tofauti iko hapa: kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Kuna anayejiuliza "amefanyaje?", na kuna anayejiuliza "huyu ni nani?". Wa kwanza anacheka au anatafuta waya, wa pili analia au anashika dua. Na kinachomsukuma mtu upande huu au ule mara nyingi ni neno moja tu lililosemwa kwenye maiki mwanzoni. Ukiambiwa kiinimacho unakaa mkao wa kucheka hata ukiona mtu anakatwa vipande. Ukiambiwa ramli, mkono unaenda wenyewe kukaza pochi. Jamaa yetu mjanja, hakusema lolote kati ya hayo. Alisema "mimi nina kipaji", akaacha kila mtu ajazie mwenyewe kipaji cha nini.

Tuanze na namba maana hapo ndo ukumbi ulipowaka. Akasema kila mtu afikirie namba kati ya 1 na 50, iwe na tarakimu mbili, zote mbili witiri, alafu zisifanane, "yaani kama 15 hivi, ila 11 hapana". Tukafumba macho ukumbi mzima kama tunaombea mvua. Akaandika ubaoni, akageuza: 37. Wallahi zile kelele! Kuna jamaa alirusha kofia. Alafu akatulia, akasema kwa upole, "kwanza nilitaka kuandika 35 nikabadilisha mawazo". Duh, na wa 35 nao wakaruka.

Haya chukua karatasi uhesabu mwenyewe. Ukifuata masharti yake yote, namba hazipo hamsini wala ishirini, zipo nane tu: 13, 15, 17, 19, 31, 35, 37 na 39. Ile 15 kaitaja yeye kama mfano kwa hiyo wengi wanaikwepa, hakuna anayetaka kuonekana kaiga. Zimebaki saba. Alafu mtu akiambiwa mpaka 50 hapendi kujibanza huku mwanzoni kwenye kumi na, anakimbilia thelathini na, na huko 37 na 35 ndo zinazobeba watu wengi. Akizitaja zote mbili kashavua nyavu iliyojaa.

Mi nilifikiria 19. Na nikapiga makofi kama wenzangu.

Hapo sasa. Kelele ya ukumbi inahesabu waliopatiwa tu, waliokoswa hawana sauti. Ungekaa pale ungeapa kwamba ukumbi mzima ulifikiria 37 kumbe ni sehemu tu ndo inayopiga kelele na sisi wengine tunaona aibu kuharibu sherehe, au tunajiona sisi ndo tumekosea maelekezo (mi kweli nilijiuliza kama 9 ni witiri, mtu mzima mimi!). Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alionyesha watu mistari waseme upi unalingana na upi, jibu liko wazi kama jua la saa sita, ila kamweka mtu mmoja katikati ya wenzie waliopangwa kudanganya. Kama theluthi ya majibu ya yule mmoja yakafuata uongo wa wengi. Lakini akiwekewa mwenzie mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kunapungua sana. Ndo maana usishangae mentalisti aliposhughulika mapema na yule dogo wa boda, alimsimamisha, akamtania kuhusu helmeti yake, ukumbi ukacheka, na toka hapo kila dogo akisema "ana mtu wake" watu wanamzomea kabla hata jamaa hajajibu.

Kidogo umeme ukakatika. Dakika mbili, jenereta ikawashwa, tukaendelea. Kumbuka huu umeme, nitaurudia.

Ikaja sehemu ya marehemu. Akafumba macho, akaweka vidole kwenye paji la uso. "Naona mzee. Ametutoka. Jina lake... linaanza na S, au H, halijatulia." Jamani, hii ni Mtwara! Saidi, Salumu, Selemani, Shabani, Sefu, Hamisi, Hassani, Hemedi, ungerusha ndala bila kuangalia mle ukumbini ungempiga mjukuu wa mmoja wao. Dada mwalimu akanyoosha mkono. Jamaa akajishika kuanzia kifuani akashuka mpaka tumboni, taratibu, "alikuwa anasumbuliwa na huku". Sasa niambie ugonjwa gani wa mzee haupiti huko, moyo, mapafu, vidonda, ini, hata sukari ukitaka itaingia. Dada akasema kwa kilio, "babu yangu, mzee Selemani". Jamaa akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa analijua jina toka jana, "Selemani. Anakusalimia."

Huku kwetu huu ufundi haujaja na basi la Dar, mpiga bao yeyote, yaani mpiga ramli, anao. Unatupa maneno mapana, unaangalia jicho la mteja linaposhtuka, unafuata hapo hapo, na mteja ndo anakujazia. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, baadae kila mmoja akapewa karatasi ya majibu "yake" na kuambiwa aipe maksi kuanzia 0 mpaka 5 kwa ukweli. Wastani ukaja 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja ile ile, maneno kayaokota kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa mtaani. Ya kwetu ilikuwa fupi zaidi, jamaa alisema "kuna mtu humu ana hela anaisubiri, makaratasi yapo, hela bado haijaonekana". Mwezi wa kumi na moja! Korosho zimeshapimwa ghalani, minada inaendelea, nusu ya ukumbi ina risiti kwenye droo nyumbani! Ukumbi uliguna kama mtu mmoja, yaani nilihisi kwenye kiti.

Ila niseme hili, wale wanaocheka watu wanaolia pale siwaelewi. Yule dada babu yake kamlea. Karata ilikuwa ya kuchezewa, lakini babu ni wa kweli na kifo ni cha kweli, na huenda ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumtajia mzee mbele ya watu. Machozi yale hayakuwa ya kiinimacho. Na yeye ndo aliyetaja jina, sio jamaa, hilo pia likumbuke.

Kulikuwa na mchezo wa funguo, mi ndo ulionikosha kuliko yote. Mtu kaficha funguo ya pikipiki ukumbini wakati mentalisti yuko nje na mlinzi. Karudi, kamshika kifundo cha mkono yule aliyeficha, kamwambia asiseme neno, awaze njia tu. Wakaanza kutembea katikati ya viti kama bwana na bibi harusi. Mwaka 1852 daktari wa Uingereza, William Carpenter, alishaeleza kwamba ukiwaza mwendo, misuli inasogea kidogo bila wewe kujijua. Mkono uliofungwa na wazo la "kulia, kulia" unalegea kidogo ukienda kulia na unakaza ukienda kushoto, na mtu mwenye mazoezi anasoma hapo. Kuna farasi alipata umaarufu Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, akiitwa Hans, anajibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akatoa uchunguzi wake, farasi hajui hesabu hata kidogo, anaangalia muulizaji, akifika kwenye jibu muulizaji anajitikisa kichwa kidogo bila kujua na farasi anaacha kugonga. Aliyeuliza akiwa hajui jibu, Hans nae hajui.

Na sisi tulikuwa zaidi ya muulizaji, tulikuwa watu mia tatu tunaojua funguo iko wapi. Ukumbi wa Mtwara unyamaze? Jamaa akikaribia watu wanabana pumzi, akipitiliza unasikia vicheko vya chini chini, kuna mtoto kabisa akasema "aaah" alipogeuka upande ambao sio. Angeweza kumwachia yule mtu mkono, sisi ndo tulikuwa ramani yake. Alipoitoa funguo chini ya pochi ya bibi mmoja, tulishangilia kitu ambacho tumemwelekeza wenyewe.

Vipi kuhusu wanaopandishwa stejini, wamepangwa? Dogo wa boda anasema wote. Mi nasema inawezekana hata mmoja hakupangwa na bado mchezo ukaenda. Nje kwenye foleni kulikuwa na kijana wake mwenye daftari, mpole, anauliza majina, anampa huyu na yule kikaratasi aandike jina la mtu anayemkumbuka, "ukae nalo mwenyewe dada, litakusaidia kukazia mawazo". Hatujui kikaratasi kile kilipita wapi kabla ya kukunjwa. Saa moja baadae binti yuko juu ya steji, taa usoni, anaulizwa "mimi na wewe tumewahi kuonana?" Anasema hapana. Na hajadanganya, alionana na kijana wa daftari, sio yeye. Ukumbi unaisikia ile hapana kwa maana nyingine kabisa. Unategemea aanze kueleza "ila kuna kaka nje..." mbele ya watu mia tatu? Na uungwana wetu nao unamsaidia jamaa, maana kumuumbua mgeni hadharani kwetu ni kukosa adabu, mtu anakubali hata lisilo sawa mradi shughuli isiharibike.

Wakati wa mapumziko nikamuuliza mama mdogo, "kwani unamwamini huyu?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Simwamini. Lakini dua ina hasara gani?"

Wanaotoka bara wanaweza kuona hapo kuna mkanganyiko, mi sioni, na nadhani aliyekulia huku akiona mapiko, zile ngoma za vinyago, hataona. Lipiko likitokea, kinyago kichwani, linacheza, kila mtu mzima anajua ndani kuna binadamu, tena wengine wanajua ni mtoto wa nani. Lakini watoto wanatimua mbio na wamama wanarudi nyuma wanapiga kelele huku wanacheka, na hakuna anayesimama kusema "aa huyo si fulani". Kuogopa kwao ni sehemu ya ngoma, bila wao lipiko anacheza peke yake. Kwa hiyo kujua na kuogopa vinakaa kifua kimoja bila kugombana, na mtu wa hivi ukimpeleka kwa mentalisti anapiga kelele kwa moyo wote na kesho anaenda shamba kama kawaida.

Ila kuna dakika moja ngoma ilitaka kubadilika. Jamaa aliruhusu maswali. Akasimama mzee mmoja, kanzu safi, akashika maiki kwa mikono miwili. "Mwanangu, mi sina mambo mengi. Nimeibiwa magunia matatu ya korosho. Nitajie tu ni nani."

Kimya. Hata wauza maji waliacha kupita. Unajua kimya cha watu wanaosubiri na kimya cha watu wanaoogopa kusikia? Hiki kilikuwa cha pili. Waliokuwa wanajiuliza "amefanyaje" wote tulihamia kwa "huyu ni nani", mi mwenyewe nikiwemo pamoja na hesabu zangu zote. Maana huku jina likitajwa halirudi mdomoni. Ramli chonganishi imeua watu nchi hii, Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na vikongwe wenye macho mekundu kwa ajili ya moshi wa kuni wameshapotea wengi kwa jina moja lililotajwa na mtu mwenye "kipaji". Mentalisti nae aliliona hilo, nampa haki yake. Akasema, "Mzee wangu, mimi ni msanii. Ningekuwa najua wezi ningekuwa nakaa Osterbei, nisingekuja na basi." Ukumbi ukacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Mzee hakucheka. Alikaa, na shoo ilipoisha nilimwona amesimama peke yake kwenye mlango wa nyuma.

Angekubali kutaja, vilio vya ukumbi vingekuwa vile vile. Hilo ndo gumu kuelewa. Mwaka 1986 Marekani mhubiri Peter Popoff alikuwa anataja majina, anwani na magonjwa ya watu ambao hajawahi kuwaona, watu wanalia, wanatupa fimbo zao. Mcheza kiinimacho James Randi na wenzie wakaingia na redio ya kunasa mawimbi, wakasikia sauti ya mke wa Popoff ikimsomea sikioni kadi ambazo waumini walijaza wenyewe mlangoni. Mwaka uliofuata Popoff akatangaza kufilisika. Daftari mlangoni, jina stejini, mbinu ni ndugu moja na ya kijana wetu wa foleni. Ukipima ukweli kwa machozi ya ukumbi basi Popoff alikuwa mkweli kuliko wote.

Kurudi nyumbani shemeji anabisha mpaka mate yanaruka kwamba jamaa alitaja "Selemani" kabla dada hajafungua mdomo. Tulikaa naye kiti kwa kiti! Nikamkumbusha S na H, akasema hakuna, S na H ilikuwa kwa mtu mwingine. Sikumlaumu. Kuna Mwingereza mmoja S. J. Davey alifanya vikao vya mizimu ya uongo, alafu akawaomba waliohudhuria waandike walichokiona, na ripoti iliyotoka 1887 ilionyesha watu waliosoma vizuri tu waliruka mambo muhimu, wakayapanga mengine kwa mfuatano ambao haukuwepo. Kichwa kinatunza mshangao, kile kilichoutengeneza kinakitupa. Na kila ukisimulia unaondoa kidogo kilichokuwa kinachosha.

Kesho yake asubuhi nilipita sokoni kuchukua ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kula huku. Mama muuzaji akanipa stori ya shoo bila kuulizwa, kwamba jamaa alizima taa za ukumbi kwa mkono, mara mbili, akataja majina ya marehemu watatu mfululizo bila kuuliza mtu.

"Mama, ule umeme ulikatika. Mi nilikuwepo."

"Na yule mzee wa korosho," akaendelea, anachagua ming'oko minene ananiwekea kwenye mfuko, "mwizi wake kashatajiwa. Kanong'onezwa pale pale sikioni, sema watu hawakusikia. Anamjua sasa, ni jirani yake."

Nikasema hapana, hakutaja mtu, alikataa mbele yetu wote.

"Kwani wewe ulikaa wapi?"

"Karibu na mlango."

"Ahaa," akasema, akanirudishia chenji. "Basi ndo maana."